Rimoti mpya ya IST haiitiki: sikiliza loki kabla hujabadilisha kompyuta

Swali la msomaji wa Nkuhungu, Dodoma: "Nina Toyota IST ya mwaka 2004, mtumba wa Japani. Ufunguo wenye rimoti ulinipotea Soko la Majengo. Nimebaki na ufunguo wa akiba usio na vitufe, na gari linawaka nao bila shida. Nimenunua rimoti mtandaoni inayofanana kabisa na ile ya kwanza. Nikibonyeza, taa yake ndogo nyekundu inawaka, ila milango kimya. Fundi mmoja kasema gari liende Dar es Salaam, mwingine anataka tubadilishe kompyuta ya gari. Nifanyeje?"

Dada, kompyuta usiibadilishe, na safari ya Dar iahirishe. Gari linalowaka vizuri kwa ufunguo wa akiba halina ugonjwa wa kompyuta. Ulichopoteza ni kifaa kidogo cha redio, na kusajili kingine kwenye Toyota za umri huo ni kazi ya dakika mbili inayofanywa kwa ufunguo na mlango wa dereva tu, bila mashine. Ikigoma, sababu huwa moja kati ya mbili: ama gari halijaingia kwenye hali ya kusajili, ama limeingia lakini rimoti yako haizungumzi lugha yake. Gari lenyewe litakwambia ni ipi, kwa mlio wa loki. Fundi asiyeanza kwa kuusikiliza mlio huo anabahatisha kwa pesa zako.

Hiyo taa nyekundu isikudanganye. Inathibitisha kwamba betri ina moto na kitufe kinagusa, basi. Haisemi chochote juu ya masafa ya redio (frikwensi) yanayorushwa na rimoti, wala juu ya kama gari linaifahamu.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo mafundi wengi huvichanganya. Rimoti inafungua na kufunga milango. Chipu, yaani kile kipande kidogo kisicho na betri kinachokaa ndani ya kichwa cha ufunguo, kinaruhusu injini iwake, na kazi yake inaitwa imobilaiza. Ni mifumo miwili tofauti, kila mmoja na usajili wake. IST nyingi za matoleo ya mwanzo hazina imobilaiza kabisa. Kujua lako: chomoa ufunguo, kaa dakika moja, tazama dashibodi. Kama kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, au alama ya gari lenye ufunguo, chipu ipo. Ikiwa ipo, ufunguo mpya uliokatwa vizuri utazungusha swichi lakini injini haitashika mpaka chipu nayo isajiliwe, na hiyo sasa ni kazi ya mashine. Ikiwa haipo, unachohitaji ni meno yakatwe na rimoti isajiliwe. Kichwa cha ufunguo wa Toyota za aina hii mara nyingi hutumia bapa (ule upande wenye meno) la aina ya TOY43, ambalo ni la kawaida kwa mafundi funguo, na meno yananakiliwa kutoka kwenye huo wa akiba.

Sasa masafa, na hapa ndipo rimoti za mtandaoni zinapoua watu. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia rimoti za masafa ya kati ya megahezi (MHz) 312 na 315. Rimoti zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya na nchi nyingi za Kiarabu zinarusha 433.92 MHz. Kava ni lilelile, nembo ileile, vitufe vilevile, na muuzaji anaweza kuapa kwa moyo safi kwamba ni rimoti ya Toyota, kwa sababu kweli ni ya Toyota. Kipokezi cha gari lako hakiisikii, kama redio iliyowekwa stesheni nyingine. Hakuna usajili utakaorekebisha hilo.

Kuhakiki, fungua kava kwa bisibisi nyembamba kwenye mshono na utoe bodi. Kwenye rimoti nyingi, hasa zile zisizo za kiwandani, kuna kijisahani cha chuma chenye maandishi madogo: ukiona 433 ndani ya namba hiyo, irudishe ulikonunua. Ukiona 312, 314 au 315, endelea. Fundi funguo mwenye vifaa ana kipima masafa. Unabonyeza mbele yake na namba inatokea papo hapo. Mwombe akupimie kabla hajagusa gari.

Masafa yakiwa sawa bado haitoshi, maana Toyota ilibadilisha mpangilio wa msimbo, ile ishara ya siri inayorushwa na rimoti, kati ya modeli na modeli. Njia salama ni kununua kwa namba ya spea. Namba za Toyota za ufunguo wenye rimoti mara nyingi huanza na 89070, zikifuatiwa na tarakimu nyingine tano, na zinazofaa gari lako hutafutwa kwa namba ya chesesi. IST ya kizazi chako ni NCP60, NCP61 au NCP65. Imeandikwa kwenye kibati ndani ya boneti na kwenye kadi ya gari. Mpe muuzaji namba nzima ya chesesi, usimpe "IST ya 2004" peke yake.

Kabla ya kuanza usajili, kagua vitu vitano. Ruhusa ya kuruka haipo, kwa sababu kila kimoja kikiwa kibovu utarudia hatua mara ishirini na hutaelewa kwa nini.

Cha kwanza ni betri, zote mbili. Ya gari ipimwe injini ikiwa imezimwa: karibu volti 12.6 ni nzima, chini ya 12.2 ichajiwe kwanza. Betri ya rimoti namba yake imeandikwa mgongoni, kwa mfano CR2016 au CR1616. Mbili za kwanza ni kipenyo na mbili za mwisho ni unene, yaani milimita 20 kwa 1.6, au 16 kwa 1.6. Mpya isome volti 3 au zaidi kidogo. Nyingi zimekaa kwenye pakiti juani siku nyingi mezani kwa wauzaji, hivyo ipime hata kama umeinunua leo. Ukiweka nyembamba mahali pa nene, itagusa na kuachia.

Senta loki ifanye kazi kwa swichi ya mlango wa dereva. Majibu yote ya gari wakati wa usajili hutoka kwenye loki, kwa hiyo mota ya loki iliyokufa maana yake utafanya kila kitu sawa na usisikie jibu.

Swichi ya mlango wa dereva, ile ya raba kwenye nguzo inayowasha taa ya ndani. Fungua mlango: taa ya ndani ikiwa kwenye DOOR iwake, na alama ya mlango wazi kwenye dashibodi ionekane. Funga: vyote vizime. Hapa kwetu hii ndiyo mkorofi namba moja. Vumbi la Dodoma linaingia chini ya raba, linashikana na grisi, swichi inabaki imezama, na kompyuta inaamini mlango umefungwa muda wote. Toa boliti inayoishika, safisha kwa spreyi ya kusafishia mawasiliano ya umeme, kwangua kutu pale inaposhika bodi ya gari, kwa maana swichi nyingi za namna hii huchukua ethi kupitia hapohapo.

Swichi ya kutambua ufunguo. Acha mlango wa dereva wazi, chomeka ufunguo bila kuuzungusha. Gari likilia ule mlio wa kukumbusha, swichi nzima. Likinyamaza, kompyuta haioni ufunguo ukiingia na kutoka, na usajili hautaanza hata ufanye nini. Ufunguo uliolika sana, au silinda (tundu la ufunguo) iliyobadilishwa ikawekwa ya gari jingine bila kuunganisha waya wake, huleta tatizo hili.

La tano ni alamu ya kubandika. Mengi ya magari yetu yalifungwa alamu ya dukani baada ya kufika nchini. Kama rimoti iliyopotea ilikuwa kwenye kichwa cha ufunguo, una mfumo wa kiwandani na maelezo yafuatayo ni yako. Kama ilikuwa kidude cha pembeni chenye vitufe vitatu au vinne, na gari lilikuwa linapiga ving'ora, huo ni mfumo wa alamu. Una boksi lake chini ya dashibodi na kitufe chake cha kusajilia, na hatua za Toyota hazihusiki nao hata kidogo.

Sasa usajili wenyewe. Shusha kioo cha dereva kabisa, usije ukajifungia nje na ufunguo ndani. Milango mingine yote na ya nyuma ifungwe. Kaa kwenye kiti cha dereva, mlango wako wazi na loki yake ikiwa imefunguliwa, ufunguo mkononi.

Chomeka ufunguo kwenye swichi ya kuwashia na uuchomoe, chomeka tena na uchomoe. Mara mbili, ndani ya sekunde 5, bila kuzungusha.

Funga mlango wa dereva na uufungue, funga na fungua tena. Mara mbili. Kuanzia hapa una sekunde 40 kutoka hatua moja mpaka nyingine, kwa hiyo tulia. Haraka inaharibu zaidi kuliko kuchelewa.

Chomeka ufunguo na uuchomoe, safari hii mara moja tu.

Funga na ufungue mlango mara mbili tena.

Chomeka ufunguo, uache humo, kisha funga mlango.

Zungusha ufunguo kutoka LOCK hadi ON na kurudi LOCK, kila hatua ikichukua kama sekunde moja. Idadi ya mizunguko ndiyo amri unayotoa. Mara moja ni kuongeza rimoti juu ya zilizopo. Mara mbili ni kufuta zote za zamani na kuandika upya. Mara tatu ni kuuliza gari lina rimoti ngapi. Usiwashe injini. Chomoa ufunguo.

Ndani ya sekunde 3 loki zitajipiga zenyewe, kufunga na kufungua, idadi ileile uliyozungusha: mara moja kwa kuongeza, mara mbili kwa kuandika upya. Huu ndio mlio niliosema. Ukiusikia, upande wa gari umekamilika.

Shika rimoti, bonyeza kitufe cha kufunga na cha kufungua kwa pamoja kwa sekunde moja au moja na nusu, achia. Halafu, ndani ya sekunde 3, bonyeza kitufe cha kufunga peke yake zaidi ya sekunde moja, achia. Loki zikijipiga mara moja, rimoti imesajiliwa. Zikijipiga mara mbili, gari limeisikia lakini halijaikubali, rudia kubonyeza. Una rimoti ya pili? Ifanyie vilevile ndani ya sekunde 40. Ukimaliza fungua mlango, hali ya usajili inafungwa.

Kuna Toyota ambazo badala ya mchezo wa mlango zinataka swichi ya loki: mlango wazi, ufunguo unachomekwa na kuchomolewa, kisha swichi ya loki ya dereva inabonyezwa kufunga na kufungua mara tano ukianza na kufunga, mlango unafungwa na kufunguliwa mara moja, swichi mara tano tena, ndipo ufunguo unachomekwa, mlango unafungwa, na unazungushwa ON na LOCK kama juu. Ikiwa njia ya kwanza imegoma mara tatu na vile vitu vitano ni vizima, jaribu hii.

Sasa tafsiri ya majibu, ndiyo hasa itakayokuokoa na yule wa kompyuta. Kama loki hazikujipiga zenyewe baada ya kuchomoa ufunguo, usiilaumu rimoti, kwa maana bado haijahusika. Rudi kwenye swichi ya mlango, swichi ya ufunguo, mlango wa nyuma usiofunga vizuri, au idadi uliyoikosea. Kama loki zilijipiga vizuri lakini baada ya kubonyeza rimoti pakawa kimya kabisa, gari ni zima na rimoti haisikiki: masafa, betri, au aina ya msimbo. Kwa maelezo yako, natarajia utaangukia hapa. Kama zinajipiga mara mbili kila ukirudia, masafa ni sahihi ila kubonyeza kwako kunakosea muda, au betri yake inalegea ikibanwa. Na kama hata kwa rimoti inayojulikana ni nzima pako kimya baada ya loki kujipiga, ndipo kipokezi cha redio kinaanza kushukiwa, nacho ni kifaa chake chenyewe, kinatoka peke yake bila kugusa kompyuta ya injini.

Kwa hali yako chagua mizunguko miwili, kuandika upya, usichague kuongeza. Rimoti yako iko mikononi mwa mtu, au kwenye vumbi la Majengo mtu ataiokota. Ukiongeza tu, ile ya zamani inaendelea kufungua gari lako ukiwa umelala. Toyota za namna hii hushika rimoti nne, kwa hiyo ya zamani inaweza kukaa humo miaka. Ukiandika upya, inakufa papo hapo. Ila kumbuka itazifuta zote, kwa hiyo rimoti nyingine yoyote ya nyumbani iwe mkononi siku hiyo uisajili pamoja. Baadaye rudia hatua ukizungusha mara tatu: loki zitajipiga idadi ya rimoti zilizomo. Ukiwa na moja, zijipige mara moja. Zikizidi, ufutaji haukufanyika.

Na hapa niseme wazi: kufuta rimoti hakufuti meno. Ufunguo uliopotea bado unaingia mlangoni, na kama gari halina imobilaiza unaliwasha pia. Kama ulipotea pamoja na kitu chenye jina lako au namba ya gari, badilisha silinda ya mlango wa dereva na ya swichi ya kuwashia, au mpe fundi funguo apange upya vibati vya ndani ya silinda vinavyosoma meno. Ni gharama, najua, lakini ni ndogo mbele ya gari. Toa na taarifa ya upotevu polisi. Fundi mwaminifu ataiuliza, sambamba na kadi ya gari na kitambulisho chako. Fundi anayekubali kutengeneza ufunguo wa gari bila kuuliza hata karatasi moja, atamtengenezea na mwingine wa gari lako.

Kuna mtego mwingine mjini: mashine ya kukopi rimoti kwa kuziweka uso kwa uso. Inafaa mageti yenye msimbo usiobadilika. Rimoti ya gari hubadilisha msimbo kila unapobonyeza, na kipokezi hukataa uliokwisha kutumika. Nakala ya namna hiyo hata ikifungua mara moja haitaendelea, na inaweza kuiyumbisha rimoti halisi. Usimlipe mtu kwa kazi hiyo. Tofauti kabisa ni rimoti tupu za kampuni kama Xhorse au KEYDIY, ambazo fundi huzitengenezea msimbo wa Toyota kwa mashine akichagua masafa, kisha zinasajiliwa kwenye gari kwa hatua zilezile za mlango. Hizo ni chaguo zuri kwako ikiwa ya mtandaoni itathibitika kuwa ya 433. Mwambie fundi mapema gari ni la Japani, asikutengenezee ya Ulaya kwa mazoea.

Bei ulizie kwa mafungu: rimoti, kukata meno, kusajili, na chipu kama ipo. Fundi akikupa jumla tu, hutajua unalipia nini. Malipo ya usajili yatoke baada ya kujaribu rimoti ukiwa hatua ishirini kutoka kwenye gari, injini imezimwa, mara tano mfululizo.

Kama spea haipatikani hapa, kinachosafiri ni rimoti, si gari. Kifurushi kinapanda basi Dar asubuhi, jioni unakipokea stendi ya Nanenane. Kuendesha zaidi ya kilomita 400 kwenda kufanya jambo la dakika mbili hakuna maana. Isipokuwa kwa gari la kuwasha kwa kitufe: hizo rimoti zake zimebeba na chipu ndani, hazisajiliwi kwa mlango, zinataka mashine iunganishwe kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani. Ya mtumba iliyokwisha kufungwa kwenye gari jingine haikubali bila kufunguliwa upya kwanza. IST yako si ya kundi hilo.

Na kwa kuwa utaulizwa na jirani mwenye Nissan ya zamani: hizo ni nyepesi zaidi. Milango yote imefungwa na kulokiwa kwa swichi ya dereva, ufunguo unachomekwa na kuchomolewa kabisa walau mara sita ndani ya sekunde 10, taa za hazadi zinapepesa mara mbili, ufunguo unawekwa ACC, kitufe chochote cha rimoti kinabonyezwa mara moja, hazadi zinajibu. Hazadi zisipopepesa, alichomoa nusunusu. Ufunguo utoke wote kila mara.

Rimoti yako ikishakubali, usiiache juu ya dashibodi gari likiwa limeegeshwa juani kule Mji wa Serikali, Mtumba, kutwa nzima. Joto linachosha betri na kulegeza raba za vitufe, na vumbi linapata njia. Kitufe kikianza kutaka kubanwa sana, fungua kava, futa vigusio vya bodi kwa pamba yenye spiriti, acha ikauke, rudisha. Usajili haupotei betri ikitolewa, kwa hiyo fanya hivyo bila hofu. Na siku utakayonunua ya pili ya akiba, chagua kuongeza, mzunguko mmoja, ili hii ya kwanza isifutike.